Plagi Iko Mfukoni Mwangu

Devotha mwanangu,

Salamu tutapeana kesho stendi, kwa hiyo hapa naziruka. Nitakuuliza hujambo, utanijibu sijambo hata kama tumbo linakukata, maana nakujua.

Mvua inanyesha tangu mchana, mgahawa nimeufunga mapema, na wewe umeshuka Nyakisasa kumuaga bibi yako. Nimekaa kwenye benchi la wateja, meza nimeipangusa, naandika. Mambo ya sweta na sabuni, na kutokula vya watu usiowajua ndani ya basi, nimekwisha kuyasema mpaka ukaanza kuyamalizia mwenyewe kabla sijafika mwisho. Humu sitayarudia. Humu nataka tuongee habari za boti yetu ya kuchezea, kwa sababu leo ukiwa hupo nimefanya jambo, na bado sijajua kama ni jema.

Boti uliifunga vizuri. Uliizungushia kanga yangu ya zamani, ukailaza katikati ya nguo, rimoti pembeni, bisibisi ndani ya soksi. Nimefungua begi. Nimechukua spana, nikaitoa plagi kwenye kichwa cha injini, nikairudisha boti ilipokuwa, na kanga nikaikunja kwa mikunjo yako ile ile ili usijue. Plagi iko mfukoni mwangu sasa hivi. Kila nikimaliza mstari naishika.

Unajua maana yake. Plagi ni hiyo moja, na dukani hapa hakuna wa kukuuzia nyingine. Bila hiyo, boti ni kisahani cha sabuni chenye usukani.

Usinikasirikie kwanza. Soma.

Watu wa stendi wanasema mama yako ni mtu wa kushuku. Wanasema nikipewa chenji naiangalia mbele na nyuma kama naitafutia ndugu. Ni kweli. Lakini kama nisingekuwa hivyo, ile boti tusingeijua mimi wala wewe.

Ulikuwa hujaanza shule. Tulikuwa Lusahunga, kwenye kile kibanda cha mabati nyuma ya maegesho ya malori, napika wali maharage na ndizi. Nilikuwa msichana tu mwenye mtoto mgongoni, madereva wengine walikuwa wananiuliza, "Mama mwenye mgahawa yuko wapi?" nami nawajibu, "Ndiye huyu anayekupakulia." Chande alikuwa mmoja wao, dereva wa lori la Burundi, mtu mnene anayekula taratibu na kushukuru kwa kila kijiko. Siku moja akashuka na katoni iliyofungwa kwa gundi.

"Mama Devotha, hii ya mwanao. Achezee."

Nikafungua mdomo wa katoni. Boti nyekundu, urefu wa mkono wa mtu mzima, na ndani yake injini ndogo kama ngumi ya mtoto.

"Hii injini ya kweli?"

"Ya kweli. Kuna bwana Dar nilimhamishia vyombo, akanipa. Mwenyewe ameshazeeka."

"Mtu mzima alikuwa anachezea boti?"

"Wako wengi, mama. Tena wanashindana."

Sikuamini hata neno moja. Barabara ile askari wanapekua magari kila saa, na yeye anamwachia mwanamke asiye na mume katoni ya gundi? Nikajua humu kuna bangi. Au dhahabu ya watu. Anaiweka kwangu, kesho atamtuma mtu aje kuichukua, na askari wakiwahi, atakayepanda karandinga ni mimi na wewe mgongoni.

Alipoondoka tu, nikatandika mkeka, nikaanza kuifungua. Sikuwa najua chochote. Nilitoa mfuniko, nikatoa tangi, nikatoa bomba la moshi, nikafungua kichwa cha injini nikakuta pistoni inayong'aa kama kijiko kipya. Nikafungua nyuma. Nikaichungulia kabureta kwa tochi. Kila skrubu niliipanga kwenye sinia kwa mfuatano wa kutoka, ili nijue kuzirudisha, na wewe ulikaa pembeni ukizipangusa kwa gauni lako mojamoja. Bangi hakuna. Dhahabu hakuna. Nikabaki na sinia la vyuma na hofu mpya: Chande akirudi atakuta nimemharibia zawadi. Ndipo nikairudisha kipande kwa kipande, na mpaka namaliza nilikuwa naijua injini ile kama ninavyoijua njia ya kisimani.

Chande aliporudi akaiangalia.

"Umeifungua?"

"Sijaigusa."

"Mbona skrubu hii yenye kichwa kilicholika ilikuwa upande ule na sasa iko huku?"

Nikamwambia nilichokuwa nikitafuta. Alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Mama Devotha, ningekuwa na bangi ningeificha kwenye maharage yako. Askari wenyewe si wanakula hapa hapa?"

Ndivyo alivyokuwa Chande. Mkumbuke hivyo, maana nitamrudia.

Tulipohamia Ngara ili usome sekondari, boti ilikaa juu ya rafu karibu na picha ya Bikira Maria, kavu, haijawahi kunguruma hata siku moja. Ni wewe uliyeona video kwenye simu ya mtu ukaja mbio: "Mama, ile yetu inaweza kuwaka!" Tukampelekea fundi wa bodaboda pale karibu na stendi. Katoni ilikuja na plagi mbili, unakumbuka. Fundi akaigeuza moja. "Plagi gani hii, haina pa kuchomeka waya? Hii inataka moto." Akaiunganisha na betri ya pikipiki. Ikawaka nyeupe mara moja kama nyota inayoanguka, basi.

"Sasa imekuwaje?" nikamuuliza.

"Imekufa."

"Imekufaje?"

"Imekufa tu, mama. Kifo kina maelezo?"

Ile ya pili nikaifunga kwenye pindo la kanga na sikumpa tena mtu mwingine. Ukaenda kukaa na ile karatasi ya michoro iliyokuwa ndani ya katoni, lugha yake hatuijui, lakini ukaona wamechora betri moja tu ya tochi, ile nene. Tukaijaribu hiyo. Ule waya mwembamba ndani ya plagi ukawa mwekundu wa chungwa, kama kaa la mkaa unapolipulizia. Uliniambia, "Mama, kumbe inataka kidogo tu." Mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta wa kumlaumu.

Chande akasikia tumepata namna ya kuiwasha, akaanza kutuletea mafuta ya boti kutoka Dar, spiriti iliyochanganywa na mafuta ya kulainisha. Dumu analiacha Lusahunga, konda wa basi analipandisha mpaka hapa. Na mimi kila dumu nalipima. Tone moja kwenye kipande cha sahani iliyovunjika, naliacha juani. Spiriti inaruka yote, na ikibaki alama ya mafuta ya kuteleza, ni yenyewe. Pakibaki pakavu, mtu ametia mkono njiani. Hayakuwahi kubaki makavu hata mara moja, nami sikuwahi kuacha kupima.

Majirani nao walikuwa wananipima mimi. Baba Filbert alipitia harufu ile akajua nauza gongo kwa siri. "Mama Devotha, nipe ka kuondolea baridi."

"Hii ni sumu, baba. Inapofusha macho."

"Ahaa! Basi ni kari kweri kweri! Nipe nusu."

Nililizika dumu chini ya magunia ya mkaa, na bado mtendaji akaja kunusa masufuria yangu. Siku ile nilijua uchungu wa kushukiwa, mama. Lakini haukunifundisha chochote kwa wakati ule. Niliona tu kwamba watu ni wabaya.

Kisha siku ya moto. Tulikuwa uani, jua kali, beseni la maji limejaa, boti imefungwa kamba kwenye nondo. Ulikuwa unaijaribu plagi nje ya injini, inawaka rangi ya chungwa, na tone la mafuta likaiangukia. Mimi sikuona kitu. Meza ilikuwa meza. Ukasema, "Mama, mbona hewa inatetemeka pale kama juu ya kikaango?" Mimi nikasema unaleta maneno, nikanyoosha kitambaa nipanguse mafuta yaliyomwagika. Moto wa mafuta yale juani hauonekani, Devotha. Niliusikia kwenye mkono kabla sijauona, na wewe ulikuwa umeshanitupia gunia la maji. Alama iko hapa kwenye kiwiko cha mkono, unaijua, ulikuwa unaipaka asali. Nakumbuka niligomba. Nilikugombeza wewe uliyeuzima.

Tangu hapo tuna utaratibu wetu, na sikuandikii kana kwamba umeusahau. Naandika kwa sababu napenda kuusikia. Gunia la maji kwanza. Rimoti iwake kabla ya boti, isije ikakimbia bila bwana. Kidole kwenye mdomo wa kabureta, unavuta kamba taratibu, mpaka unaona mafuta yanatembea ndani ya kile kimpira. Kidole toa. Betri ya tochi juu ya plagi. Vuta kwa kifundo cha mkono, si kwa bega. Ikikabwa na mafuta usilazimishe, legeza plagi, iteme, anza upya. Ikiwaka, iache ivute pumzi, ndipo utoe betri. Jirani akipita ukutani husikia tu krr, krr, krr, halafu ghafla nyuki elfu, na mimi na wewe tunapiga kelele kama tumefunga goli.

Na ile sindano. Hapo ndipo ninapotaka kufika.

Sindano ya mafuta, ile skrubu ya kabureta inayopima mafuta, ukiifungua, injini inakunywa sana, inakohoa, inavuta moshi mweupe wenye ubluu nyuma yake. Ukiifunga, moshi unapungua, sauti inapanda. Mimi moshi ule ulikuwa unaniudhi. Nguo za majirani ziko kambani, Baba Filbert ananusa, mtendaji ananusa. Nikawa naifunga kidogo, tena kidogo. Ikafika mahali haina moshi kabisa, sauti imekaza, tamu, safi, kama kitambaa kipya kinachochanwa. Nikasema, "Sikia, sasa imepona."

Ukasema, "Mama, kwenye karatasi wamechora moshi. Lazima uonekane."

"Karatasi haina majirani," nikakujibu.

Kwa kweli mimi ndiye niliyepaswa kuijua sauti ya namna ile. Baba yako alikuwa nayo. Kila neno lake safi, halina kikohozi, halina "labda" wala "nitaona". Aliniambia nyumba itakuwa wapi na mlango utatazama wapi. Na alipotuacha, hakupunguza kwanza. Alikata. Simsemi vibaya kwako, nusu ya uso wako ni yake na nusu hiyo naipenda. Nasema tu kwamba sikio langu lilishaonywa mara moja na bado likadanganyika na kipande cha chuma.

Tukashuka nayo Nyakisasa, kwenye lile bwawa la kunyweshea ng'ombe chini ya shamba la bibi yako. Wachungaji walikuwa wamekaa ng'ambo.

"Mama, meli hiyo inapakia abiria?"

"Inapakia wenye akili," nikawajibu. "Nyie subirini ya jioni."

Ikaondoka. Mwanangu, ilikuwa nzuri. Ilikata maji mpaka ng'ombe wakainua vichwa. Ikafika katikati, sauti ikapanda, ikapanda tena, nikapiga makofi, na palepale ikazima. Kimya. Wachungaji wakavunjika mbavu. "Meli imezama! Leteni waokoaji!" Tukakaa kwenye nyasi kusubiri upepo uisukume kwenye matete, na upepo wa siku ile ulikuwa mvivu.

Tulipoitoa nikatemea mate kichwa cha injini, yakaruka kabla hayajalowanisha. Ilikuwa imeungua kwa kiu. Lakini mimi kichwani mwangu kulikuwa na jibu moja tu: mafuta. Chande. Ameuza mafuta mazuri njiani na kujazia uchafu. Nilipanda kichuguu kutafuta mtandao, nikampigia, nikaweka na spika ili wachungaji wale walionicheka wasikie nani mwenye kosa.

"Umeniletea maji, Chande! Miaka yote nakulisha, leo umeniona mjinga?"

Nilisikia injini ya lori lake. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Mama Devotha, safari ile gari lilijaa. Dumu lako nililikalisha kiti cha mbele kama mgonjwa. Nililifunga mkanda."

Nikasema maneno mengine, sitayaandika.

"Haya," akasema. Akakata.

Nilipogeuka, wewe ulikuwa umepiga magoti kando ya boti na bisibisi mkononi.

"Unafanya nini? Nani kakuambia uguse?"

"Nimefungua sindano robo mzunguko, mama. Huku chini hewa ni nzito kuliko kwetu mlimani. Hewa ikizidi, mafuta nayo yazidi. Na nyumbani ulikuwa umeshaibana."

"Hewa? Umeipima kwa mizani ya nani?"

"Ya mwalimu wa fizikia."

Ukavuta kamba. Ikakohoa. Moshi ukatoka mwingi kama wa jiko la kuni mbichi, mbaya wa kutazama, na ikaingia majini ikavuta mkia wake wa moshi ikazunguka bwawa, ikazunguka, ikazunguka, mpaka tangi likaisha na ikarudi miguuni pako. Wachungaji hawakucheka tena. Walisimama. Mimi nilikuwa juu ya kichuguu na simu mkononi, mafuta ni mazima, na mtu niliyemtukana yuko njiani kwenda mpakani Kabanga.

Hajapokea simu yangu tena. Nimempigia kwa namba yangu, nimempigia kwa namba ya konda. Dumu lile ndilo la mwisho, limebaki chini ya nusu. Basi lako kesho litasimama Lusahunga. Ukiona lori lake, lile lenye kichwa cha kijani na taulo la njano kwenye kiti, shuka umsalimie. Mpe shikamoo yake kamili. Usiniombee msamaha, huo ni wangu nitauomba mwenyewe. Mwambie tu kwamba mafuta yalikuwa mazima, na kwamba mama anajua.

Sasa Mzee Hamadi.

Unakumbuka alivyokuja. Alikuwa amekuja Ngara harusini kwa ndugu zake, akaingia kula chapati, akaiona boti kwenye rafu. Nikasimama karibu na rafu.

"Hii inauzwa?"

"Haiuzwi, mzee."

"Sikutaka kununua. Nilitaka kujua inaishi vipi huku juu kusiko na maji."

Ukamweleza yote, wewe na mdomo wako. Akasema yeye kwao ni Biharamulo, babu zake walitoka pwani kwa biashara ya nguo, lakini mwenyewe anatengeneza mashine za mitumbwi mwaloni, ziwani. Mimi nikasema moyoni, kila mtu siku hizi ni fundi. Nikaingia nayo ndani, nikaifunga sindano mpaka mwisho, nikamletea. "Haya fundi, iwashe tuone."

Nilikuwa nangoja aanze kujitapa. Akaigeuza, akaitazama chini, akairudisha mezani. "Hizi ndogo sizijui, mama. Binti, nifundishe. Kwanza nionyeshe maji yake ya kupoza inakojolea wapi."

Ulicheka mpaka chai ikamwagika. Ukamwonyesha lile tundu, ukamwonyesha kamba, ukamwonyesha betri ya tochi. Ulipofika kwenye sindano ukakuta imefungwa. Ukaniangalia. Sekunde hiyo nilitaka ardhi ipasuke. Lakini hukusema neno. Uliifungua ukairudisha mahali pake, ukaendelea kumfundisha mzee kana kwamba hukuona kitu.

Ndipo baadaye akaomba uende ujifunze kwake, ulale chumba kimoja na binti zake, chini ya macho ya mkewe Bi Zuhura. Nikamwambia nitafikiri. Kufikiri kwangu unakujua: nilimtuma mjomba wako Respisi, apite mwaloni akijifanya mnunuzi. Siku mbili hazikupita simu ikalia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Devotha. Mpelelezi wako amefika salama?"

"Mpelelezi gani tena, mzee?"

"Yule aliyekuja kuulizia propela na hana mtumbwi. Amekula ubwabwa sahani mbili. Mtume tena Ijumaa, tunapika pilau."

Niliona aibu, lakini nilimtuma. Respisi akarudi ananuka iliki, akasema karakana ipo, mke yupo, mabinti wapo, na mzee alishindwa kuwasha mashine ya mteja mbele ya watu akasema "hii imenishinda leo, nitaiamkia kesho." Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikubali. Mengine yote mtu anaweza kuyapanga.

Kwa hiyo plagi sikuitoa kwa sababu ya Mzee Hamadi. Niliitoa kwa sababu yako. Nilisema, Devotha atafika mwaloni, watu watamzunguka, watamwambia iwashe tuone, atawasha. Mmoja atashika bisibisi aifunge sindano isikike vizuri. Mwingine atayamwaga mafuta juani. Mwingine ataondoka nayo. Plagi ikiwa kwangu, atawajibu ukweli: haiwaki, rudini makwenu.

Hiyo ndiyo sababu niliyojiambia wakati nafungua begi. Iko nyingine. Plagi ikiwa kwangu, Krismasi utapanda mlima uifuate. Hiyo ya pili ndiyo ya kweli. Ile ya kwanza nimeitanguliza ili nionekane mama mwenye akili.

Mvua imekatika. Nimesimama kuwasha taa, nimerudi kukaa, nimesoma nilichoandika tangu juu, maana nilitaka kuhakikisha sijakosea majina. Kila mahali nilipokuwa na uhakika, ni wewe uliyeona. Mimi natazama meza, wewe unaona hewa inatetemeka. Mimi niko juu ya kichuguu natafuta mwizi, wewe uko chini na bisibisi. Na siku nilipomtega mzee wa watu, uliyenikamata ni wewe, ukanisitiri. Nimekuwa nikikulinda kwa macho mabovu kuliko yako.

Nasikia bodaboda inapanda kilima. Hii inakohoa, itakuwa ndiyo iliyokubeba.

Nimeirudisha plagi. Nimeipangusa kwa pindo la gauni kama ulivyokuwa ukipangusa zile skrubu, nikaikaza kwa vidole kwanza, kisha spana kidogo. Halafu nikaanza kosa jingine. Nilishika bisibisi nikasema, huko ziwani ni chini kuliko Nyakisasa, hebu nimfungulie sindano robo kabisa ili akifika asipate taabu. Bisibisi ilikuwa imeshakaa kwenye ufa wake. Nimeiondoa. Sindano iko palepale ulipoiacha wewe. Utashuka, utaisikiliza, utajua inataka nini.

Betri mpya ya tochi nimekuwekea kwenye soksi ya pili. Na safari hii kanga sikuikunja kwa mikunjo yako. Nimeikunja kwa yangu, ukifungua begi ujue nilipita.

Mama yako,
hapa hapa stendi